Sura ya Nne: Jiwe la Nyuma

Begi la Rodel Macaraeg, mfanyakazi wa shamba, lilikuwa tayari mlangoni, limefungwa kwa kamba ya marobota kwa kuwa zipu yake ilikufa zamani. Sajini Attracta Kilbane aliliruka ili aingie jikoni, na hata kofia hajavua, akaulizwa kama atakunywa chai.

"Hapana, asante, nimetoka kunywa sasa hivi."

"Kikombe kimoja tu," akasema Nuala Tuohy.

"Usijisumbue, jamani."

"Birika limeshachemka."

"Basi kidogo tu."

Ndivyo mambo yanavyokwenda kijijini Derrybrack. Anayekubali mara ya kwanza ana njaa, na anayekataa mara ya tatu ana ugomvi. Sajini hakuwa na njaa wala ugomvi. Alikuwa na swali moja, na ripoti iliyotakiwa ofisini siku hiyohiyo.

Swali lenyewe lilikuwa la jiwe. Ijumaa iliyopita Mzee Malachy Tuohy, baba yake Nuala, alitoka mazikoni kwa Mwalimu Peig Cahalan akakuta ng'ombe wanalia njaa. Hakubadilisha hata viatu. Akapanda trekta na suti yake nyeusi, akalichoma robota la majani kwa miiba ya mikono ya mbele, akalinyanyua na kuanza kushuka nalo mteremko wa nyuma ya banda. Trekta likainua makalio, likayumba, likalala ubavu. Sasa mzee yuko hospitali ya Galway, nyonga imevunjika na mbavu mbili pamoja nayo, na hakumbuki lolote baada ya wimbo wa mwisho kanisani.

Trekta linalobeba mzigo mbele lazima lifungwe uzito nyuma, la sivyo mzigo ndio unaolibeba trekta. Uzito wa Malachy ulikuwa jiwe la zege alilolimimina mwenyewe, tani nzima, lenye alama ya kiganja chake ubavuni. Tangu baridi ya kwanza hadi majani yaote upya, jiwe hilo halitoki mgongoni mwa trekta. Ijumaa halikuwepo. Jumamosi asubuhi Nuala alilikuta limekaa kwenye kona ya banda, kimya, kama halijui kitu.

"Wanaoligusa trekta hilo ni wawili," Nuala akasema, akisukuma sahani ya mkate na siagi. "Baba na Rodel. Baba alikuwa kanisani nami. Wewe ifanye hesabu nyingine kama unayo."

"Rodel anasema aliliacha limefungwa."

"Angesemaje? Alilitoa ili avute tela ya kuni, akaona uvivu kulirudisha. Ukifunga jiwe huwezi kufunga tela. Kila mtu anajua."

"Ulimwona akivuta tela?"

"Nilikuwa kanisani, Attracta! Parokia nzima ilikuwa kanisani."

Sajini alijua. Yeye ndiye aliyesimama langoni akiongoza magari, mvua ikimwingia kolani.

Nuala akaketi. Macho yake yalikuwa mekundu. "Miaka minne amekaa nyumba hii. Baba alikuwa anamfundisha kuimba. Ndiyo maana inaniuma. Angekuwa mtu wa kupita nisingelia."

"Na kibali chake cha kazi?"

"Kimeandikwa jina la Baba. Akitoka hapa anatoka Ireland. Mkewe na mtoto walikuwa waje Juni." Akaangalia begi, kisha akaangalia pembeni. "Nimemwambia angoje ripoti yako. Basi la Galway linapita saa nane."

*

Bandani Sajini alianza na matairi, maana tetesi ya kwanza kijijini ilikuwa hiyo. Wapo wakulima wanaojaza maji ndani ya matairi ya nyuma ili yawe mazito, na Malachy alikuwa mmoja wao. Ilisemekana tairi moja lilizibwa Krismasi na fundi hakurudisha maji. Sajini akachuchumaa penye valvu ya chini, akaibonyeza kwa ncha ya kalamu. Maji yakamrukia usoni. Akaenda tairi la pili, safari hii amefumba mdomo. Maji tena.

"Hilo limekwisha," akajiambia, akijifuta kwa mkono wa koti.

Halafu tela ya kuni. Ilikuwa pembeni kabisa, tairi moja halina pumzi, na kati ya ndoano yake na ukuta buibui alikuwa amefuma utando mpana, wenye vumbi na nzi wa vuli. Tela hiyo haikuvutwa Ijumaa, wala mwezi huo, wala uliopita. Nuala alikuwa na hasira, na mwenye hasira haangalii buibui.

Likabaki jiwe. Sajini alilizunguka taratibu. Zege zuri, pembe zimelika kidogo, kiganja cha Malachy kikubwa kama sahani. Chini, kila upande, ilitokeza pini nene ya chuma, na hapo ndipo mikono ya nyuma ya trekta hushika. Giza lilikuwa jingi kwenye kona ile. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye Sajini akainama, goti moja kwenye samadi, akawasha tochi.

Akakaa hapo kwa muda. Kisha akainuka, akaenda nyuma ya trekta la Malachy, ambalo fundi alikuwa amelisimamisha na kuliwasha jana yake. Akaigusa mikono yake ya nyuma, mmoja baada ya mwingine, akapitisha kidole kwenye tundu la mwisho wa kila mmoja. Hakuandika kitu.

Rodel alikuwa upande wa pili, akisukuma samadi kwa reki ya mpira. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mabega, amevaa fulana ya timu ya parokia.

"Habari ya kazi, Rodel."

"Salama, Afande. Nimeona nimalizie usafi. Ng'ombe hawana kosa."

"Niambie Ijumaa tena. Polepole."

"Asubuhi nilishusha marobota mawili, mteremko uleule. Jiwe lipo. Kisha nikaliingiza trekta bandani, matako ukutani, kama Mzee anavyotaka. Saa sita nikapanda baiskeli kwenda kanisani. Mwalimu Peig alinifundisha Kiingereza cha huku. Ningekosaje?"

"Nilikuona. Uliegemeza baiskeli kwenye gari langu."

"Samahani, Afande."

"Ulimwona nani uani ulipotoka?"

"Hakuna mtu. Ufunguo niliuacha ndani ya trekta. Huachwa hapo siku zote."

"Jiwe mnalifungaje?"

Rodel akaiacha reki, akaonyesha kwa mikono. "Unarudi nyuma, unashuka, unapitisha pini kwenye tundu la mkono, unaweka kizuizi. Kushoto, kisha kulia. Mzee anatukana kidogo, halafu linaingia."

"Pini tupu?"

"Tupu. Kitu gani kingine?"

Sajini akatikisa kichwa kama asiyejua. "Ukiondoka hapa utaenda wapi?"

"Kwetu Pangasinan, Ufilipino. Ingawa jirani yetu, Mzee Fintan, ameniambia nisiwe na wasiwasi. Wakinifukuza, atanichukua yeye. Kaniambia Jumamosi. Amerudia jana." Akatabasamu kidogo, tabasamu la mtu aliyechoka. "Mtu mwema. Kila asubuhi anakuja kukamua, na kila asubuhi ananiuliza kama nimelala."

"Jumamosi saa ngapi?"

"Mapema sana. Kabla Dada Nuala hajaliona jiwe."

Rodel alirudi kwenye reki yake. Hakuona kwamba amesema jambo.

*

Fintan Hynes, jirani wa shamba la chini, aliingia uani akiimba. Alikuwa juu ya trekta lake la buluu, jipya kuliko la Malachy kwa miaka ishirini, robota moja mbele na robota jingine nyuma kwenye mwiba. Alikuwa na uso mwekundu na kofia ya sufu, na ulimi usiolala.

"Lo, Attracta! Serikali imeamka! Umekuja kumkamata ng'ombe gani?"

"Yule wa madoa. Ana macho ya wizi."

"Mchukue, hata maziwa hatoi."

Akazima injini, akashuka. Sajini aliliegemea trekta la buluu, akalitazama robota la nyuma.

"Wewe hutumii jiwe, Fintan?"

"Jiwe la nini? Robota moja mbele, robota moja nyuma, mizani imekaa. Tena ukifika una mawili ya kulisha. Jiwe halili mtu wala ng'ombe. Malachy namwambia kila mwaka, ananiita mvivu."

"Robota lina uzito gani?"

"Kilo mia saba hivi, likiwa bichi."

"Linatosha kwa robota jingine."

"Linatosha kabisa."

"Na ile mifuko mikubwa ya mbolea niliyoiona kwako nikipita? Hiyo inashushwa kutoka juu ya lori, mikono yote imenyooka. Nayo uliishusha kwa robota nyuma?"

Fintan akavua kofia, akaitazama ndani, akaivaa tena. "Polepole. Mmoja mmoja."

"Ilikuja lini?"

"Juzijuzi hapo."

"Nilikuona kanisani Ijumaa, sikukuona makaburini."

"Dereva alinipigia simu. Hawa madereva wa lori, hata Mungu mwenyewe akizikwa wanataka kushusha mzigo." Akacheka. Sajini naye akacheka. Alikuwa ameinamisha macho pale mwiba ulipofungwa kwenye trekta. Mikono ya trekta la buluu haikuwa na matundu. Ilikuwa na kulabu zilizofunua midomo juu, na ndani ya kila kulabu iliketi gololi ya chuma, kubwa kama tufaha dogo, iliyovishwa kwenye pini ya mwiba. Pini zilikuwa zimeota kutu nyekundu. Gololi ziling'aa kama zimetoka dukani jana.

"Njoo ndani kidogo," Sajini akasema. "Nataka Rodel anionyeshe jiwe linavyofungwa. Kwa ajili ya ripoti tu. Nuala naye nimwite."

*

Nuala alisimama mlangoni mwa banda, mikono kifuani, mabuti ya baba yake miguuni. Rodel alilipanda trekta la Malachy, akalirudisha nyuma hadi kwenye jiwe, akalizima, akashuka. Alifanya vyote vizuri. Akaushika mkono wa kushoto, akauelekeza kwenye pini, akausukuma.

Haukuingia.

Akausogeza, akausukuma tena kwa goti. Chuma kikagonga chuma.

"Unaona?" Nuala akasema. "Hata kufunga hajui."

"Ngoja," akasema Sajini.

Rodel aliinama, akachungulia, akakunja uso. Akajaribu kwa mara nyingine, jasho likimtoka, na kadiri Nuala alivyozidi kumtazama ndivyo mikono yake ilivyozidi kuwa mizito. Uchungu wa kuangalia mtu hodari akibabaika mbele za watu si mdogo, na Fintan hakuuweza. Miaka hamsini alikuwa akifunga na kufungua vyuma hivyo.

"Toka, toka, mwanangu, utavunja goti. Hebu nione." Akapiga magoti. Kidole gumba kikang'oa kizuizi, mkono ukaichomoa gololi iliyokuwa kwenye pini ya kushoto ya jiwe, akaipangusa kwa kiganja, akaitia mfukoni mwa koti. Akazunguka kulia: kizuizi, gololi, kiganja, mfuko. "Haya, sukuma sasa. Linaingia lenyewe."

Rodel akasukuma. Pini ikaingia kwenye tundu kama kidole kwenye pete.

"Asante, Fintan," Sajini akasema. "Zirudishe basi."

"Nini?"

"Gololi."

"Gololi gani?" Akapapasa mfuko wa koti, na hapo mkono wake ukasimama. Mazoea yana taabu. Uso wake mwekundu ukabadilika rangi taratibu, kuanzia shingoni.

Nuala akawatazama wote wawili. "Kuna nini? Attracta, kuna nini?"

"Trekta la baba yako lina matundu," Sajini akasema, bila kupandisha sauti. "Linashika pini tupu. Pini yenye gololi haliwezi kuishika, umeona mwenyewe. Kwa hiyo mara ya mwisho jiwe hili lilipobebwa, halikubebwa na trekta hili. Lilibebwa na lenye kulabu. Rodel hana trekta lenye kulabu. Lipo moja hapo uani, na gololi zake ni mpya, kwa sababu mwenyewe hakujua zile za zamani alizisahau wapi."

Mbwa alipita katikati yao, akainusa ile pini, akatoka.

"Dereva alikuwa anapiga honi," Fintan akaanza. "Niliujaribu mfuko wa kwanza na robota nyuma. Magurudumu ya nyuma yakawa yanacheza. Nikasema, jiwe la Malachy. Nimelichukua mara ngapi hilo? Naye pampu yangu ya kinyesi kaichukua mara ngapi? Sisi hatuombani, Nuala, unajua. Unachukua, unarudisha, yamekwisha. Hata baba zetu hawakuombana."

"Endelea," akasema Sajini.

"Nililiwasha trekta lake, nikalitoa, nikalishusha jiwe hapo uani. Halafu..." Akanyoosha kidole ukutani. "Halafu nikalirudisha trekta mahali pake. Matako ukutani, kama alivyoliacha, nikasema Malachy asije akaona nimemvurugia banda. Ningeliacha pale uani limekaa upande, angeona mgongo mtupu. Angenitukana tu, basi. Adabu yangu ndiyo iliyomvunja."

"Na jiwe ulilirudisha lini?"

"Jioni. Mlipokuwa wote hospitali. Nilikuwa naliona giza tu, sijui hata nililishushaje."

"Ukanyamaza," akasema Nuala.

"Nilitaka kusema Jumamosi. Kisha Jumapili. Neno likikaa mdomoni linakua, Nuala. Likikua halitoki."

"Kila asubuhi unakamua ng'ombe wetu!" Sauti ya Nuala ilipasuka. "Unakunywa chai yetu! Unaniambia pole! Na huyu anafunga begi lake mbele ya macho yako!"

"Nilimwambia aje kwangu. Nilisema nitam..."

"Mtu haazimwi kama jiwe, Fintan!"

Hapo Fintan akavua kofia na hakuivaa tena. Rodel alikuwa bado ameushika mkono wa trekta, kana kwamba kazi haijaisha. Ni yeye aliyesema, kwa upole uleule aliosemea na ng'ombe.

"Kila asubuhi uliniuliza kama nimelala, Mzee. Nilikuwa nakwambia sijalala."

"Ulikuwa unaniambia, mwanangu."

"Nilikuwa najiuliza usiku, labda nililitoa nikasahau. Nilianza kuamini."

Sauti ya Fintan ilikuwa ndogo, ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. "Uliliacha limefungwa, Rodel. Vizuizi vyote viwili, vimeingia hadi mwisho. Ni mimi niliyevitoa."

Sajini alichukua kalamu sasa, ile iliyorushiwa maji. "Hayo utayasema tena kituoni, nayaandika, unatia sahihi. Lakini kwanza Galway. Nitakupeleka mwenyewe. Malachy asiyasikie kutoka kwa mtu mwingine."

"Atanitukana," akasema Fintan.

"Omba atukane. Akikwambia si neno, ndipo uogope."

Wakatoka uani, Fintan mbele, akitembea kama mtu aliyebebeshwa lile jiwe begani. Kwenye gari alisimama, akatoa zile gololi mfukoni, akaziweka juu ya ukuta wa mawe, moja kando ya nyingine, na hakuzitazama tena. Sajini akazichukua, akazifunga kwenye kitambaa.

Alipogeuka kufunga mlango wa gari aliwaona Nuala na Rodel, wamesimama pale penye mlango wa jikoni, begi katikati yao. Barabarani basi la Galway lilikuwa linapanda kilima, likabadili gia. Nuala alikuwa anatafuta neno na halipati. Watu wa Derrybrack wana maneno ya mazishi, ya mvua na ya bei ya ndama, lakini la kuomba radhi huwa wanaliazima.

"Utakunywa chai?" akauliza hatimaye.

Rodel alilitazama begi lake. "Hapana, asante."

"Kikombe kimoja tu."

"Usijisumbue, Dada."

Nuala akashika fremu ya mlango. Miaka minne ilimtosha Rodel kujifunza desturi za nyumba ile, na wote wawili walijua kinachofuata. Basi likapita langoni bila kusimama.

"Birika limeshachemka," akasema Nuala, machozi yanamtiririka na hayafuti.

Rodel akainama, akaifungua ile kamba ya marobota kutoka kwenye begi, akaizungusha kiganjani, akaitia mfukoni kwa matumizi mengine.

"Basi kidogo tu," akasema.